Kabla Hujauza Kabichi Ukanunue Simu ya Masomo

Mzazi mwenzangu wa huku milimani, Soni, Mlalo au Lukozi, usikimbilie simu janja. Najua mwalimu amesema kazi za likizo zitapitia kundi la WhatsApp, na mtoto anakuuliza kila jioni. Lakini simu ni mwanzo wa gharama. Bando, chaji na fundi ndivyo vitakavyokumaliza, na muuza simu hatakutajia hata kimoja.

Tulishaonjeshwa haya. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi Juni 29. Wenye televisheni walifuata vipindi vya TBC, wenye simu janja walipokea maswali ya walimu. Asiye na hiki wala kile alibaki na daftari alilotoka nalo darasani. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini bando halimo humo, ni lako.

Basi tuanze na bando. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka bei za vifurushi vya intaneti kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa kipimo hicho GB moja ni kama shilingi 2,000, au hata zaidi ya 9,000, kutegemea kifurushi ulichochagua. Kile kidogo cha siku moja huonekana rahisi, lakini gawa bei yake kwa MB zake uone. Tena kikiisha muda, kilichobaki kinapotea.

Video ya somo ya nusu saa inaweza kula MB 100 au zaidi. Sauti ya mwalimu ya dakika tano haifiki hata MB 2. Kwa hiyo wazazi mkikutana shuleni ombeni jambo moja: mwalimu atume sauti na picha ya ukurasa, si video. Kisha zima ile sehemu ya simu inayopakua kila kitu chenyewe, maana salamu za asubuhi na video za harusi zitalimaliza bando kabla hesabu haijafika.

Vitabu usivinunue mtandaoni. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka bure kwenye maktaba mtandao yake. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri avipakue mara moja, aviweke kwenye memori kadi, wengine wanakili kwake. Baada ya hapo kitabu kinafunguka bila bando.

Simu yenyewe sasa. Mpya ya hali ya chini tarajia shilingi 150,000 na kupanda. Ya mtumba unaweza kuipata kwa kama 80,000. Ya mtumba si mbaya, ila iwashe ukae nayo dukani nusu saa, uangalie chaji inavyoshuka. Ichomeke chaja, uitikise kidogo waya, ikikatakata, iache. Hakikisha ina nafasi ya memori kadi.

Simu ya mkopo ndiyo inayonitia hofu. Tuseme kianzio ni shilingi 60,000, kisha 1,000 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla ni 425,000. Uliza simu hiyohiyo ni kiasi gani kwa taslimu, halafu utoe tofauti. Na siku usipolipa, inajifunga. Mkulima wa karoti hapati elfu moja kila siku. Anapata siku ya kuvuna, basi. Nimemwona mama ameshika simu iliyojifunga wiki ya majaribio, mwanawe amekaa pembeni kimya. Kama mavuno yako ni ya msimu, mkopo wa kulipa kila siku haukufai.

Kitochi (simu ndogo ya vitufe) chenye redio ni kama 25,000 hadi 40,000, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Hakifungui kitabu, lakini mwalimu anapatikana kwa kupigiwa, na kipindi cha redio kinasikika.

Chaji huku kwetu ni gharama kamili. Juni na Julai ukungu unakaa hadi mchana na paneli ndogo ya sola haijazi kitu. Kama nyumbani hakuna umeme na dukani unatozwa shilingi 500, simu janja ya kuchaji mara tatu kwa wiki inakula 6,000 kwa mwezi. Miezi minne umeshatoa karibu bei ya kitochi kingine.

Laini usichague kwa tangazo. Mlima mmoja tu unatosha kukata mtandao: juu barabarani unashika, bondeni hakuna. Azima simu za majirani zenye laini tofauti, simama mlangoni kwako, ujaribu kufungua picha. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo nenda mwenyewe, usimtume mtoto akapoteza nauli.

Kwa mtoto wa msingi, mimi ningelipia karatasi kwanza. Kurasa 40 za maswali kwa shilingi 100 kila moja ni 4,000, na karatasi haihitaji chaji wala haipasuki kioo. Kasoro yake ni kwamba haijibu maswali, ndiyo maana kitochi kinahitajika. Nauli ya kwenda steshonari ndiyo inayoweza kuzidi fotokopi, basi mzazi anayeshuka gulioni achukue oda za kitongoji kizima.

Simu janja ya peke yake ningemnunulia wa kidato cha tatu au cha nne, tena kama nyumbani kuna umeme. Wengine changeni nyumba tano, simu moja. Si jambo geni: mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima nchi nzima walisoma kwa vikundi wakiizunguka redio. Simu ikae kwenye nyumba yenye umeme na mtandao, watoto waende saa kumi baada ya kazi za shamba. Kabla ya kununua, andikeni kwenye daftari nani analipa bando wiki ipi, na kioo kikipasuka kila nyumba itatoa kiasi gani.