Kilichotoka Mlimani

Old Moshi, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi wa leo, bado upo mti ambao kila mwenyeji anaujua. Tarehe 2 Machi 1900, kwa amri ya Kapteni Kurt Johannes, Wajerumani walimnyonga hapo Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na wenzake 18, viongozi wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Wazee husimulia kwamba Meli alikaa kitanzini saa nyingi kabla ya kukata roho, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo wake umeishi na habari hiyo tangu hapo: babu alizikwa nusu.

Mwaka 2019 Old Moshi ilipata maonyesho yake yenyewe kuhusu habari hiyo. Yalikuwa yametangulia kuonyeshwa Berlin mwaka 2018. Yana picha za enzi hizo, maelezo, na filamu fupi iliyotengenezwa kwa michoro na picha za kale. Hayana mkuki wa Meli, hayana ngao yake, hayana kiti chake. Mtu aliyezoea makumbusho ya mijini anaweza kuuliza: sasa hapa ninaonyeshwa nini?

Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linalonifanya niamini kwamba maonyesho ya mikoa ya milimani, hasa Kilimanjaro na Meru, yanadai ufundi wake. Kwa kawaida makumbusho huanza na kitu. Mtunzaji anacho chungu, anakiweka kwenye kabati la kioo, anaandika kibao cha maelezo, mgeni anasoma. Mlimani mambo yamekwenda kinyume. Maelezo yapo, yako vinywani mwa watu. Vitu ndivyo visivyokuwepo.

Vilikwendaje? Sehemu kubwa ilikwenda kwa utaratibu. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilipitisha uamuzi kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyolipiwa na dola vipelekwe kwanza Berlin. Makumbusho ya huko yakishachagua, vilivyofanana navyo vigawiwe miji mingine. Ndiyo maana leo ukitafuta vitu vya Wachagga na Wameru unahangaika kutoka bohari moja ya Ujerumani hadi nyingine. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin peke yake yana takriban vitu 10,000 kutoka nchi ambayo sasa ni Tanzania. Kwenye madaftari ya aina hiyo mara nyingi utakuta jina la ofisa aliyeleta kitu na jina la kabila lilivyosikika sikioni mwa Mjerumani. Jina la mhunzi aliyefua mkuki halimo. Hamna jina la mama aliyeshona shanga, wala neno kama kitu kilinunuliwa, kilitolewa kwa hiari, au kiliokotwa kwenye nyumba iliyochomwa moto.

Hapo pengo linaonekana vizuri: huko kuna kitu bila habari yake, huku kuna habari bila kitu chake. Mwaka 2022 maonyesho ya kutembezwa yaliyopewa jina la Marejesho yalipita vijiji vya Kilimanjaro na Meru yakiwa na picha za vitu vilivyoko Ujerumani. Miongoni mwa walioyaandaa alikuwamo Mnyaka Sururu Mboro, mwenyeji wa Kilimanjaro aliyekwenda Ujerumani kusoma miaka ya 1970, naye bibi yake alikuwa amemwagiza akirudi aje na kichwa cha Meli. Nayahesabu maonyesho hayo kuwa miongoni mwa kazi za maana kabisa za makumbusho zilizofanyika nchini, ingawa hayakuwa na jengo. Yaliwafuata wenye habari walipo, yakawauliza. Makumbusho mengi humwita mwanakijiji aje atazame. Ni machache yanayokaa chini yakamsikiliza.

Shuka sasa hadi Arusha. Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Ukiingia utakutana na habari za Olduvai na Laetoli, za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa mwaka 1959, za binadamu wa kale aliyeacha nyayo zake kwenye majivu ya volkano. Ni habari za kujivunia, na wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi wanatoka na faida. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote mle ni kuta zenyewe. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Johannes, yule yule wa mti wa Old Moshi, aliongoza kikosi cha kulipiza kisasi. Migomba ilifyekwa, ng'ombe walitekwa, watu waliuawa, na miaka michache baadaye wanaume wa Kiarusha na Kimeru walishurutishwa kujenga Boma hilo. Lina sehemu inayoeleza historia yake, na hilo ni jambo jema. Ningependa sana iwe ndiyo mlango. Mgeni aanze kwa kujua kuta alizosimama kati yake zilijengwa na mikono ya nani, ndipo aende kwa Zinjanthropus.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo nalisema kwa uangalifu kwa kuwa linagusa koo zilizo hai. Kikosi cha Johannes kilichokwenda Meru kilikuwa na wapiganaji wa Kichagga. Na katika habari za kifo cha Meli, masimulizi na maandishi mengi humtaja Mangi Marealle wa Marangu, rafiki wa Wajerumani na mpinzani wa Moshi. Maonyesho yanayowapanga Waafrika wote upande mmoja na Wazungu wote upande wa pili huwa mepesi kutazama, lakini mzee wa Old Moshi na mzee wa Marangu wote wawili wataondoka wakijua wamefichwa kitu. Historia ya milima hii ni ya falme ndogo nyingi, zikitenganishwa na makorongo, kila Mangi akiwa na hesabu zake. Mkoloni alizisoma hesabu hizo akazitumia. Kulieleza hilo wazi hakumpunguzii kosa, kwa kuwa kunaonyesha alivyolitenda.

Marangu yenyewe ina mfano wa jinsi maonyesho yanavyoweza kujisahihisha. Penye lango la Hifadhi ya Kilimanjaro lipo bamba la kumkumbuka Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Baadaye likawekwa bamba la pili, lenye majina ya wenyeji waliowaongoza na kuwabebea mizigo, Yohani Kinyala Lauwo akiwamo. La kwanza halikung'olewa. Yanasomwa yote mawili, na msomaji anajionea mwenyewe nani alichelewa kutajwa.

Meyer hakushuka mikono mitupu. Alichukua jiwe kileleni, akaligawa. Nusu alimpa Kaizari, ikawekwa kwenye kasri la Potsdam, na nusu akaifanya kitu cha kukandamizia karatasi mezani kwake. Nusu hiyo ya pili ilikuja kuwa mali ya muuza vitu vya kale huko Austria. Mwaka 2022, katika makumbusho ya Grassi mjini Leipzig, kundi la wasanii liitwalo PARA lilifanya kazi ya sanaa juu ya jiwe hilo: walipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wakaimega ncha yake, wakatangaza kwamba wanaishikilia mpaka la Kilimanjaro lirudi. Wako waliokasirika, na naelewa kwa nini. Kwangu mimi lile tendo lilifanya kile ambacho kibao cha maelezo hakikifanyi. Mjerumani aliyekuwa akisoma habari za jiwe la mlima wa mbali akihesabu ni kitu kidogo, ghafla alijikuta anauliza: nani kawapa ruhusa ya kukata mlima wetu?

Jiwe linaweza kusubiri. Watu ndio wasioweza. Katika mkusanyo wa mafuvu ulioanzishwa na mwanaanthropolojia Felix von Luschan, makumbusho ya Berlin yalichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Kwa mafuvu manane tu ndipo zilipatikana taarifa za kutosha kuwatafuta ndugu. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida" juu ya mfupa wenyewe. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vikaonyesha linaoana kabisa na ukoo ulio hai Kilimanjaro, ukoo wa mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yakakaribia sana kuoana na watu wa ukoo wa Molelia.

Mgeni wa milima hii anapaswa kuelezwa kwa nini mafuvu yalichukuliwa kwa urahisi hivyo. Zamani Mchagga alizikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba, na baada ya muda mifupa yake, fuvu hasa, ilifukuliwa ikawekwa kwa heshima miongoni mwa masale, kwenye migomba ile ile aliyoilima. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Unapandwa mpakani, unaonyesha mahali pa wafu, na jani lake likifungwa fundo likapelekwa kwa uliyemkosea, ni vigumu sana akatae kusamehe. Mkusanyaji aliyepita kihambani akiwa na gunia aliona mafuvu wazi, akadhani hayana mwenyewe. Masale yaliyoyazunguka yalikuwa yakisema kinyume, ila hakuyajua.

Kwa hiyo tunaposikia makumbusho ya Ujerumani yakiuliza kama huku kuna jengo lenye kabati nzuri na hewa inayodhibitiwa, tusikimbilie kutafuta fedha za kabati kwa kila kitu. Ngao inahitaji kabati, na mkuki vilevile, na mikoa yetu inastahili majengo ya kuvitunza. Akida anahitaji kihamba.

Meli mwenyewe bado hajapatikana. Mjukuu wake alitoa vinasaba vikalinganishwa na mafuvu kadhaa ya Berlin, vikakataa. Karibu na ule mti wa Old Moshi watu wake wamemsimamishia sanamu. Si ya mtu mzima aliyesimama na mkuki. Ni kichwa na mabega tu.