Februari ya Waflandria: Baridi, Baiskeli na Ubishi

Kila mwaka Februari inapoelekea ukingoni, meya wa Geraardsbergen, mji mdogo wa Flandria huko Ubelgiji, hupanda kilima cha Oudenberg pamoja na viongozi wenzake na padri. Kileleni kuna kanisa dogo la Bikira Maria. Hapo wakubwa hao hunywa divai iliyotiwa samaki mdogo aliye hai, wakaimeza pamoja na samaki wake. Kisha umati hurushiwa mikate migumu ya umbo la pete, yapata elfu kumi, na giza likiingia pipa huchomwa moto kuuaga msimu wa baridi. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Kilima hichohicho, mara nyingi wikendi hiyohiyo au inayofuata, hupandwa na kundi jingine: waendesha baiskeli wa kulipwa zaidi ya mia moja na hamsini, midomo wazi, matope hadi kwenye nyusi. Njia wanayopanda imetandazwa mawe, na mwinuko wake mahali pengine unakaribia asilimia ishirini. Wenyeji wanaiita Muur, yaani Ukuta. Desturi hii ya baiskeli haimo katika orodha ya UNESCO, ila kwa macho yangu ni mila iliyokamilika. Ina siku yake, chakula chake, miiko yake, wazee wake na magomvi yake.

Mbio zenyewe ni Omloop Nieuwsblad, kilomita kama mia mbili kutoka Ghent hadi Ninove. Hufanyika Jumamosi, na kesho yake huja Kuurne-Brussel-Kuurne. Kwa Wabelgiji huo ndio ufunguzi wa msimu, ingawa kalenda ya dunia inasema vingine. Januari watu wamekwisha kushindana Australia juani. Februari kuna mbio za Oman, zilizoanzishwa mwaka 2010 na zinazojulikana kwa mpando wa Jabal Akhdar. Kuna za Falme za Kiarabu, za Ureno, za Hispania. Mzee wa Kiflandria huzitazama hizo kwenye televisheni akiwa anamenya viazi. Kwake yeye, mbio zisizo na mawe, baridi na upepo wa ubavuni ni za kupasha misuli moto tu. Ni dharau, ndiyo, na Waomani wangekuwa na haki ya kukasirika. Lakini huwezi kuwaelewa watu hawa bila kuielewa dharau hiyo.

Omloop ilizaliwa kwa ugomvi wa magazeti. Mwaka 1913 mwandishi Karel Van Wijnendaele wa gazeti la Sportwereld alianzisha Ronde van Vlaanderen, mbio za kuizunguka Flandria, ambazo leo ndizo sikukuu kubwa ya Aprili. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoikalia nchi, Ronde iliendelea kukimbiwa. Mwaka 1945 gazeti shindani la Het Volk, la Wakatoliki wa Ghent, likaanzisha mbio zake na kuzipa jina lililokaribia mno lile la Ronde. Wenye Ronde wakalalamika, chama cha baiskeli kikataka jina libadilishwe, zikawa Omloop Het Volk. Gazeti hilo likafa mwaka 2008, likamezwa na gazeti pinzani la Het Nieuwsblad, na tangu 2009 mbio zinabeba jina la mpinzani aliyebaki hai. Wazee wengi bado wanasema Het Volk. Hawajasahau kwamba limebadilika, hawakubali tu.

Mila ya kwanza ni kujua pa kusimama. Hakuna kiingilio barabarani, kwa hiyo ujuzi ndio tiketi. Wapo wanaochagua kilima kimoja wakakaa hapo tangu asubuhi na viti vyao vya kukunja. Wapo wanaosafiri kwa gari, wakikatiza njia za mashambani ili waone kundi likipita mara nne au tano kwa siku. Hao wanajua polisi watafunga barabara ipi saa ngapi, mkulima gani haudhiki ukiegesha kando ya zizi lake, na kichochoro gani kinatokea mbele ya kundi dakika tano kabla halijafika. Maarifa hayo baba humrithisha mwanawe, na hayatolewi ovyo kwa jirani.

Kundi likifika linapita kwa dakika chache. Saa zilizobaki ni za kungoja, na huko kungoja ndiko kuliko na sherehe yenyewe. Watu hula chipsi zilizomwagiwa mayonezi, soseji za kuchoma, bia kwenye vikombe vya plastiki. Geraardsbergen wana kikeki chao cha maziwa ya mgando, mattentaart, ambacho jina lake kamili, Geraardsbergse mattentaart, linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo anayekipika mbali na eneo hilo haruhusiwi kukiita hivyo. Juu ya vichwa zinapepea bendera za njano zenye simba mweusi. Mgeni hudhani ni bendera za timu. Simba mwenye kucha na ulimi mwekundu ni wa serikali ya Flandria. Yule mweusi mtupu ni wa wanaotaka Flandria ijitenge na Ubelgiji, na vyama vyao huzigawa bure kando ya barabara vikijua kamera za televisheni zitapita. Mtoto anayeipunga huenda hajui lolote kuhusu siasa hizo.

Shabiki wa soka hupenda klabu. Huku haiwezekani hivyo, maana timu ya baiskeli huitwa kwa jina la mdhamini, na mdhamini akiondoka jina nalo huondoka. Leo ni kampuni ya sakafu, kesho ya bahati nasibu. Kwa hiyo mapenzi hushikamana na mtu na kijiji chake. Mwendesha baiskeli wa maana huwa na chama chake cha mashabiki, na makao ya chama ni baa ya kijijini. Wanachama hulipa ada, hukodi basi, hushona makoti yenye jina la kijana wao. Mjomba wake yumo, mwalimu wake wa zamani yumo, na mara nyingi mama yake amesimama pembeni akiomba tu asianguke. Kwenye kilima mashabiki wa mahasimu husimama bega kwa bega. Hakuna jukwaa la wenyeji na jukwaa la wageni, na kila anayepita hupigiwa makofi, hata yule wa mwisho aliyeachwa robo saa. Hasa yule.

Watu wa Kuurne, wenye mbio za Jumapili, wana jambo lao. Inasimuliwa kwamba zamani wakulima wa huko walikuwa wakipita mji jirani wa Kortrijk alfajiri na punda wao wakipeleka mboga sokoni, wakiwaamsha watu kwa kelele. Watu wa Kortrijk wakawabandika jina: punda. Badala ya kununa, Kuurne wakalifanya nembo, na hadi leo mshindi wa mbio zao hupewa punda wa kuchezea aliyeshonwa kwa kitambaa. Msomaji aliyekulia penye utani wa makabila atauelewa mchezo huo haraka kuliko Mfaransa: tusi ukilivaa mwenyewe, aliyelitoa hana tena silaha.

Jioni ndipo ubishi huanza, na ubishi wa Februari una utamu kuliko wa Aprili kwa sababu bado hakuna anayejua lolote. Aliyeshinda Omloop kwa kishindo amewiva mapema mno, ataoza kabla ya Ronde. Aliyeshika nafasi ya arobaini anajificha, yuko tayari kuliko wote. Hakuna matokeo yanayoweza kumkanusha mtu mezani. Wenzake hukumbushana kwamba hadi kufikia 2025 hakuna mwanamume aliyewahi kushinda Omloop na Ronde mwaka mmoja, na wengine wanaitaja kama laana. Laana hiyo, ikiwa ipo, inawaogopa wanawake. Mwingereza Lizzie Armitstead alizishinda zote mbili mwaka 2016, na Lotte Kopecky, binti wa Flandria, akafanya hivyo mwaka 2023. Wazee wa baa walikuwa wepesi wa kuisimulia laana na wazito wa kuyataja majina hayo mawili, ingawa Kopecky amewalazimisha wengi wajifunze.

Kesi inayorudiwa kuliko zote ni ya Omloop ya 2015. Mbele walibaki watu wanne: Tom Boonen, Niki Terpstra na Stijn Vandenbergh, wote wa timu moja ya Kibelgiji, pamoja na Mwingereza Ian Stannard aliyekuwa peke yake. Watatu kwa mmoja. Stannard akashinda. Boonen, aliyeshinda Ronde mara tatu na mbio za Paris-Roubaix mara nne, alistaafu mwaka 2017 bila kuipata Omloop hata mara moja. Nani alikosea siku ile? Boonen alichomoka mapema? Terpstra alimsaliti? Gari la kocha lilitoa amri gani? Utawasikia watu ambao hawajawahi kukalia tandiko la mbio wakieleza kwa chupa na visahani nani alipaswa kuwa wapi, na ukweli ni kwamba wengi wao hueleza vizuri kuliko watangazaji. Mimi nasimama na wanaosema kwamba watu watatu wanaotaka kushinda si timu.

Ugomvi mzito zaidi ni wa barabara. Kuanzia 1973 hadi 2011 Ronde ilimalizikia Meerbeke, baada ya Ukuta na kilima cha Bosberg. Mwaka 2012 waandaaji wakahamishia mwisho Oudenaarde, wakauacha Ukuta, wakaweka mizunguko ya kupanda Oude Kwaremont na Paterberg mara kwa mara. Sababu haikufichika: kilima kinachopitwa mara tatu kinalipa hema la wageni mashuhuri, wenye mvinyo na meza zilizotandikwa. Geraardsbergen walifanya mazishi ya mzaha ya Ukuta wao, jeneza na yote. Miaka ikapita, Ukuta ukarudishwa katika Ronde mwaka 2017, lakini mbali na mwisho. Mwaka 2018 ni Omloop, ndugu mdogo, iliyookota mwisho ule wa zamani: Ukuta, Bosberg, kisha Ninove, ambako Meerbeke ni sehemu yake. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba Ronde ya kweli siku hizi hukimbiwa Februari hapayuki. Paterberg wenyewe si wa kale hivyo. Inaelezwa kuwa mkulima mmoja aliitandaza mawe njia ya shambani kwake kwa sababu alitamani mbio zipite nyumbani, na zikapita kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona. Mkulima aliileta barabara kwa watu, mahema yanawasogeza watu mbali na barabara.

Kuna mila ndogo ambayo watoto ndio wenyewe: chupa za maji. Mwendesha baiskeli akimaliza kunywa huitupa kando, na mtoto akiipata huilaza chumbani kama hirizi. Mwaka 2021 shirikisho la dunia, UCI, lilipiga marufuku kutupa chupa nje ya maeneo yaliyotengwa, na katika Ronde ya mwaka huo Mswisi Michael Schär akaondolewa mashindanoni kwa kosa hilo. Akaandika barua ya wazi akikumbuka chupa aliyoipata utotoni kwenye Tour de France. Adhabu ikalegezwa. Chupa huruka upande wa pili pia, kwa aibu: katika Paris-Roubaix ya 2025 mtazamaji alimrushia mwendesha baiskeli Mathieu van der Poel chupa usoni akiwa anaongoza. Bia ya tangu asubuhi ina gharama zake, na vyama vya mashabiki vinapaswa kuwakemea watu wao kuliko vinavyofanya sasa.

Tarehe 27 Machi 2022 mawe ya Flandria yalipata mgeni asiyetarajiwa. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent-Wevelgem, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa ya aina hiyo. Wiki iliyofuata ilikuwa ya Ronde, na Ubelgiji nzima ikamwomba abaki. Yeye alikuwa amepanga kwenda Asmara kwa mke na mtoto wake, akaenda. Mezani ubishi ukabadilika: je, mtu anaweza kuikataa Ronde? Kwa mara hiyo moja jibu lilikuwa ndiyo, familia kwanza.

Na siku hizihizi za Februari, Rwanda nayo huwa na mbio zake. Tour du Rwanda ilianza 1988 na imo katika kalenda ya kimataifa tangu 2009. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa barabarani. Tadej Pogačar alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita mia moja, akashinda, na Mbelgiji Remco Evenepoel akawa wa pili. Jiji lina Ukuta wake pia, mpando wa mawe unaoelekea Nyamirambo, mtaa ambako Kiswahili kimezungumzwa vizazi na vizazi. Msomaji utakayekuwa Kigali Februari, uliza siku ambayo mbio zitaupanda Ukuta huo, beba chakula chako, na ufike mapema kabla barabara hazijafungwa. Hakuna kiingilio.