Kinga Imfuatayo Mtu Vilimani

Gashoho, upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ni nchi ya vilima ambako nyumba zimetapakaa kati ya migomba, na mtu mzima wa afya, asiye na haja ya zahanati, huenda asipate kamwe habari za kidonge cha kinga ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU. Basi sharti dawa imfuate. Damu hupimwa kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kuambukizwa akitegemea kinga hiyo pekee huvipa virusi fursa ya kuizoea dawa. Kisha mhudumu wa afya wa jamii, ambaye ni heri awe rika la anaowahudumia, hukabidhi chupa ya vidonge 30, kimoja kila siku. Lakini chupa hiyo hulia mkobani, nayo yafanana na ya wanaoishi na VVU, hata mke wa mtu akaogopa fedheha ya kudhaniwa mgonjwa kuliko maradhi yenyewe. Hapo uaminifu wa mhudumu hushinda elimu yake. Fedheha hiyo ndiyo aliyoikabili hadharani Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyeasisi mwaka 1993 jumuiya ya ANSS ya kuwasaidia wanaoishi na VVU, alipotangaza kuwa anaishi na virusi.