Habari za Kigugumizi cha Watoto Wadogo

Neno kigugumizi lafahamika po pote Kiswahili kisemwapo, nalo lina undugu na kugugumia, yaani kunywa kwa mafunda makubwa yenye mlio kooni. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wasemao Kinyanja huita chibwibwi. Msomaji akiyatamka majina haya mawili kwa sauti atasikia jinsi yanavyoiga jambo lenyewe: gu-gu, bwi-bwi. Maana kigugumizi ndicho hicho, sauti moja kurudiwa, au kuvutwa, au kukwama isitoke kabisa, hali mwenye kusema alijua barabara neno alitakalo. Kwa hiyo si sawa na kitembe, ambacho ni ulimi kushindwa kutamka sauti fulani.

Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, wakati mtoto aungapo maneno kuwa sentensi. Juzi alisema vizuri, leo asema "na-na-nataka maji," nao wazazi hushtuka. Huenda kikatoweka wiki mbili, kisha kikarudi. Katika watoto 100, yapata 5 au zaidi hupatwa nacho. Katika watu wazima 100 husalia kama 1 tu. Basi walio wengi hupona. Wasichana hupona zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi hali hii hufuata ukoo.

Asili yake imo katika namna ubongo unavyoyatengeneza maneno kabla hayajafika kinywani. Haitokani na malezi mabaya ya mama, wala si ukaidi. Tena haitokani na wingi wa lugha. Huku Mbinga mtoto hupata Kimatengo nyumbani na Kiswahili njiani na shuleni. Ufukoni atasikia Kimanda, Kinyasa na Kiswahili siku moja. Tumepata kusikia mzazi akishauriwa amnyime mtoto lugha ya bibi yake ili ulimi ufunguke. Ushauri huo hauna msingi, nao humtenga mtoto na watu wanaompenda.

Hata wenye elimu wamekosea. Huko Marekani, bwana Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyekuwa mwenyewe na kigugumizi, alifundisha katika miaka ya 1940 kwamba ugonjwa huu huanzia katika sikio la mzazi, yaani mzazi akiupa jina ndipo utokeapo. Alisema pia kwamba makabila fulani ya Wahindi Wekundu hayana wenye kigugumizi kwa kuwa hayana neno lake. Wataalamu wa baadaye walikwenda wakakuta neno lipo na wenye kigugumizi wapo. Walakini kwa miaka mingi akina mama wengi walibeba lawama isiyo yao.

Sasa twaja kwenye desturi yetu. Kwetu mtoto mwema hujulikana kwa salamu. Akikutana na mkubwa sharti aseme "Shikamoo," tena upesi, watu wakimtazama. Kwa mwenye kigugumizi neno hilo ni mlima: haruhusiwi kulibadili, wala kulikawiza, wala kulikwepa. Akinyamaza, huitwa hana adabu.

Sisi wenyewe tulikosa. Tulipokuwa tukifundisha ufukoni, mtoto wa mvuvi mmoja, umri wake kama miaka 4, alitumwa kwetu kila asubuhi na sahani ya usipa. Alisimama mlangoni: "Shi-shi-shi..." Nasi, kwa kudhani twamsaidia, tulimwambia, "Taratibu! Vuta pumzi, anza tena." Akaanza tena, ikawa vibaya zaidi. Jumapili tukamsikia kanisani akiimba pamoja na mama yake bila kukwama hata mara moja. Tukaona kumbe hutufanyia mzaha, tukamwarifu baba yake, naye akamchapa. Toka siku ile hakuja tena. Usipa uliletwa na dada yake.

Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba karibu wote wenye kigugumizi huimba bila shida, na husema vema wakisema pamoja na wengine, kama katika sala ya Baba Yetu. Basi tuliyemshitaki hakuwa na hatia, na tulichokidhani ushahidi wa ujanja kilikuwa dalili ya hali yenyewe.

Laiti tungaliyajua haya, tungalisalimu pamoja naye, au tungaliipokea sahani na kungoja. Mzazi asimmalizie mtoto neno, wala asimwamuru aanze upya. Amtazame usoni kwa utulivu mpaka amalize, kisha ajibu lile alilolisema, si jinsi alivyolisema. Yafaa mzazi mwenyewe apunguze mwendo wa maneno yake, maana mtoto hufuata mwendo wa nyumba kuliko amri. Asimwagie maswali matatu kwa pamoja. Penye watoto wengi, kila mmoja apewe zamu ya kusema. Na kila siku zipatikane dakika 5 za mtoto huyo peke yake. Wakati wa kupukuchua maharage au kuanika usipa watosha. Mwenzake akimcheka akanywe. Mtoto akiuliza mbona maneno yanakwama, aambiwe kweli kwamba hutokea kwa watoto wengi, na kwamba tuna nafasi ya kumngoja.

Kungoja huko kuna mpaka. Ikiwa miezi 6 hadi 12 imepita bila nafuu, au ukoo una watu wazima wenye kigugumizi, au mtoto akaza uso, apigapiga mguu ili neno litoke, au ameanza kukataa kusema, apelekwe kwa mganga wa hospitali na mzazi aulize habari za mtaalamu wa tiba ya usemi. Wataalamu hao ni wachache nchini Tanzania na safari yaweza kuwa ndefu. Hata hivyo aulize mapema, kabla ya darasa la kwanza, maana huko mtoto ataitwa kwa jina mbele ya wenzake na kutakiwa kuitika papo hapo.