Marafiki wawili wa Bani Salima

 

Ndugu msomaji, katika misiba ya mitaani kwetu kuna neno ambalo halikosi kusikika chini ya turubai: "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Neno hilo si dogo. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba jeneza lilipita, watu wakamtaja maiti kwa wema, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa limekwisha kuthibiti, yaani Pepo, kwa ushahidi wa wale waliomjua. Majirani ni mashahidi, na ushahidi wao una uzito.

Lakini siku ya tatu mikeka hukunjwa, masufuria hurudishwa kwa wenyewe, na maneno mazuri nayo huondoka. Kinachobaki ni daftari la dukani lenye jina la marehemu, mabinti ambao hawajaolewa, na rafiki wa miaka mingi anayepita mbele ya baraza lile akiwa hana tena wa kumwamkia. Leo tumkumbuke mtu mmoja aliyeacha yote matatu: deni, mabinti na rafiki. Naye ni Abdallah bin Amr bin Haram, baba yake Jabir, aliyeuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwezi wa Shawwal mwaka wa 3 Hijria, sawa na mwaka 625.

Abdallah alikuwa Ansari wa kabila la Khazraj, katika ukoo wa Bani Salima. Mtaa wao ulikuwa mbali na Msikiti wa Mtume, upande ule ambao leo upo Msikiti wa Qiblatain. Walipotaka kuhamia karibu na msikiti, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao za kwenda na kurudi zinaandikwa. Basi wakabaki majirani wa wao kwa wao. Yeye mwenyewe alisilimu katika safari ya Hija iliyoishia kwenye kiapo cha pili cha Aqaba, mwaka 622, na usiku huohuo akachaguliwa kuwa mmoja wa viongozi 12 waliowadhamini watu wao. Mwanawe Jabir, kijana mdogo, alikuwapo.

Rafiki yake alikuwa Amr bin al-Jamuh, mzee mwenye mguu mbovu. Tena walikuwa mashemeji, kwani Amr alimuoa Hind, dada yake Abdallah. Amr alichelewa kusilimu. Alikuwa na sanamu la mti nyumbani kwake, akilitukuza na kulipaka manukato. Vijana wa mtaa, mwanawe wa kumzaa akiwamo, wakawa wanalichukua usiku na kulitupa katika shimo la takataka. Asubuhi mzee hulitafuta, akalikosha na kulirudisha mahali pake. Mwisho alilitundikia upanga ili lijilinde lenyewe, na kesho yake akalikuta limefungwa pamoja na mbwa aliyekufa. Hapo akafahamu. Wapo wanaoisoma habari hii kama kichekesho, na kweli inachekesha. Lakini tuangalie pia subira ya watu waliomzunguka mzee huyu, ambao walimngoja bila ya kumvunjia heshima yake hadharani. Baadaye huyu mzee ndiye aliyekuwa akifanya karamu ya walima Mtume (s.a.w.) anapooa, na ndiye ambaye Mtume aliwatajia Bani Salima kuwa bwana wao, badala ya yule waliyekuwa naye, ambaye wenyewe walikiri kuwa ni bahili.

Usiku wa kuamkia Uhud, Abdallah alimwita Jabir. Maneno aliyomwambia yamehifadhiwa na Bukhari, nayo kwa maoni yangu ni katika wasia mfupi na uliokamilika kuliko mingi tunayoandikiwa leo na mawakili. Alimwambia kwamba anajiona atakuwa miongoni mwa watakaouawa mwanzo. Kwamba haachi mtu anayempenda zaidi kuliko yeye Jabir, isipokuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kwamba ana deni, basi alilipe. Na kwamba awatendee wema dada zake. Dada hao walikuwa saba, na katika mapokezi mengine tisa. Ndiyo sababu alimzuia Jabir asitoke siku ile: hakutaka nyumba ya wanawake watupu ibaki bila ya mwanamume.

Angalieni, enyi wazazi, jinsi alivyoanza kwa mapenzi kabla ya kufika kwenye deni. Ni baba wangapi wanaowapenda watoto wao wa kiume na wasiwahi kuwaambia hivyo kwa ulimi? Kisha hakuona haya kulitaja deni lake mbele ya kijana wake. Kwetu deni la baba huwa siri mpaka siku ya maziko, pale imamu anaposimama na kutangaza kuwa mwenye kumdai marehemu awaone jamaa zake. Siku hizi kuna na mikopo ya simu, ambayo hata mke haijui, kwa kuwa namba ya siri imekwenda kaburini na mwenyewe.

Abdallah aliuawa siku ile kama alivyotabiri. Amr naye, ambaye wanawe wanne walijaribu kumzuia kwa sababu ya mguu wake, alimuomba Mtume ruhusa, akiwa na matumaini ya kuukanyagia Pepo mguu huohuo. Aliuawa, na mwanawe Khallad pia. Jabir anasimulia kwamba alikuwa akifunua uso wa baba yake na kulia. Watu wakimkataza, lakini Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Shangazi yake naye akalia, na Mtume akawaambia kwamba wakilia au wasilie, Malaika hawakuacha kumfunika Abdallah kwa mbawa zao mpaka alipoinuliwa. Wale wanaomkaripia mtoto aliyefiwa eti kwa kuwa machozi ni udhaifu wa imani, nawaombe waisome hadithi hii mara ya pili.

Mashahidi walikuwa 70, na waliobaki walikuwa wamejeruhiwa na kuchoka, kwa hiyo walizikwa wawili na watatu katika kaburi moja. Walipofikiwa Abdallah na Amr, Mtume (s.a.w.) aliamrisha wawekwe pamoja, kwa kuwa walikuwa wakipendana duniani.

Sasa turudi nyumbani kwa marehemu, ambako ndiko kwenye kazi. Deni lilikuwa la tende, na katika pokezi moja lilikuwa wasaki 30 kwa mtu mmoja wa Kiyahudi. Wasaki moja ni pishi 60, hizi tunazopimia zaka ya fitri. Kwa hiyo ni pishi 1,800, na tukikadiria pishi kwa kilo mbili na nusu, tunapata tani nne na nusu. Jabir hakuwa na kitu ila mitende ya baba yake, na mavuno yake hayakutosha. Aliomba muda, akanyimwa. Akamwendea Mtume (s.a.w.), naye akenda mwenyewe kumuombea kwa mdai. Mdai akakataa, na haki ilikuwa yake. Hakulazimishwa wala hakutishwa. Ndipo Mtume akatembea baina ya mitende, kisha akamwamrisha Jabir avune na alipe. Akalipa wasaki 30 kamili, na zikabaki 17.

Muujiza huo ni wa Mtume. Lakini ile hatua iliyotangulia, ya mtu mzima kufuatana na yatima hadi mlangoni kwa anayemdai, hiyo haihitaji muujiza. Kila mtaa una mzee anayesikilizwa, na deni hutangulia mirathi kwa hukumu ya Qur'ani.

Ama mabinti, Jabir aliwabeba kwa namna ambayo ilimgharimu. Alioa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla. Mtume alipomuuliza kwa nini asioe msichana, alijibu kwamba baba yake ameacha mabinti, naye hakupenda kuwaletea msichana mwenzao. Alitaka mwanamke wa kuwasimamia na kuwachana nywele. Mtume akamuombea baraka.

Jabir aliishi miaka mingi, akapokea hadithi zaidi ya 1,500, na mengi tunayoyajua juu ya baba yake yametoka kinywani mwake. Bukhari amepokea kwamba moyo wake haukutulia baba kuzikwa pamoja na mwingine, akamtoa baada ya miezi sita, akamkuta kama siku aliyomlaza, isipokuwa sikio. Naye Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba miaka 46 baada ya Uhud, mafuriko yalikula kaburi la Abdallah na Amr, nao wakiwa katika kaburi moja. Wakafukuliwa ili wahamishwe, wakakutwa hawakubadilika, na mmoja wao mkono wake ungali juu ya jeraha. Wanavyuoni wakauliza: vipi wawe kaburi moja, na mmoja alikwisha kuhamishwa? Ibn Hajar ametoa majibu mawili. Ama makusudio ya kaburi moja ni ukaribu wa ujirani, ama maji yalibomoa kilichowatenga, makaburi mawili yakawa kama moja.