Dokezo la Mchezo Ndani ya Programu ya Ubashiri

Matokeo yakishaingizwa kwenye kompyuta hubaki tarakimu tupu. Dokezo la mchezo ni maelezo mafupi yanayoambatanishwa na tarakimu hizo ili kueleza zilipatikanaje. Kazi ya kuandika madokezo imekomaa kwenye mbio za farasi. Mmarekani Andrew Beyer aliipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1983. Farasi anayeizunguka kona ya nusu duara akiwa mita 3 nje ya mwenzake hukimbia zaidi ya mita 9 za ziada, karibu urefu wa farasi wanne. Akipitwa mwishoni kwa urefu wa farasi wawili tu, jedwali litasema ameshindwa, na dokezo litasema alikuwa na mbio zaidi kuliko aliyemshinda.

Huku Tanzania, Shinyanga na Geita hazina mbio za farasi. Wanaobeti huko, wa stendi na wa machimboni, husuka mikeka ya soka, yaani dau moja juu ya mechi kadhaa, na soka nalo lina mengi ambayo jedwali haliyaoni. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani CCM Kirumba, Mwanza, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Programu inayosoma jedwali peke yake huzihesabu sawa na mechi za Nyankumbu, mjini Geita, ilhali timu ilikuwa imesafiri na kupanda kivuko. Mchambuzi anayeijua barabara hiyo hubadilisha alama ya "nyumbani" kuwa "uwanja huru", na hesabu nzima ya faida ya mwenyeji huhama.

Dokezo la maneno matamu halina kazi ndani ya programu. "Walionewa" haihesabiki. "Kadi nyekundu dakika ya 20, pungufu dakika 70" inahesabika, na vivyo hivyo "Uwanja wa Kambarage, tope, kipindi cha pili chote". Kila aina ya tukio hupewa msimbo mmoja usiobadilika, kisha uzito wake katika mabao, kwa mfano robo bao, na uzito huo hupimwa baadaye kwa mechi nyingi. Dokezo liandikwe kabla ya mechi inayofuata. Likiandikwa baada yake, mwandishi ameshaona jibu.

Hatari kubwa ni ushabiki. Mpenzi wa Stand United ya Shinyanga huona penalti waliyonyimwa Chama la Wana, kama timu hiyo inavyoitwa, hasahau. Ile waliyonusurika nayo haimkai kichwani. Dawa yake ni kuandika ya timu zote mbili katika kila mechi, hata ile isiyo na utata. Kosa jingine ni kuhesabu jambo mara mbili: mabao 17 yaliyompa George Mpole wa Geita Gold ufungaji bora wa ligi msimu wa 2021/22 tayari yamo kwenye tarakimu, hivyo kuandika "wana mshambuliaji hatari" ni kuyaongeza upya.

Madokezo pia huchakaa. Mpole aliondoka, na Geita Gold ikashuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24. Hata dokezo la kivuko cha Kigongo–Busisi, kile cha safari ya Mwanza, limepitwa na wakati tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025.

Iliyobaki ni bei. Kampuni ya ubashiri ikitoa odi ya 1.85 kwa kila upande wa mchezo ulio sawa kwa sawa, kila shilingi 1,000 hurudisha wastani wa shilingi 925. Kwenye mkeka wa mechi tano za namna hiyo wastani hushuka hadi shilingi 677 hivi. Dokezo lazima lizibe pengo hilo kwanza, na wanaozipanga odi nao huziona kadi nyekundu. Kwa hiyo programu huendeshwa mara mbili, bila madokezo na pamoja nayo, na makadirio yote mawili huhifadhiwa kabla ya mpira kuanza. Msimu ukiisha, msimbo ambao haukusogeza makadirio karibu na matokeo hufutwa, hata kama aliyeuandika alikuwa jukwaani akishuhudia kwa macho yake.