Machipuko, Mwanga na Macho ya Watoto

Kila Aprili, anga la mji wa Weifang, katika jimbo la Shandong nchini China, hujaa tiara za kila umbo na rangi. Tamasha la kimataifa la tiara hufanyika mjini humo tangu 1984, na huangukia wakati ambao, katika nchi zenye majira manne, watoto hufunguliwa milango baada ya baridi: warushe tiara, wapande mbegu, wawinde vipepeo, waruke kamba. Wazazi wengi huyahesabu haya kuwa burudani tu, jambo la kwanza kufutwa mtihani unapokaribia. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Ushahidi uliokusanywa tangu mwanzoni mwa karne hii unaonyesha kwamba saa anazokaa mtoto nje wakati wa mchana ni miongoni mwa kinga bora tulizo nazo dhidi ya tatizo la kutoona mbali, na kinga hii hainunuliwi dukani.

Tatizo lenyewe huanza jicho linaporefuka kupita kiasi, taswira ya kitu cha mbali ikaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya juu yake. Miwani hurekebisha uoni, lakini haifupishi jicho. Kadiri tatizo linavyoanza mapema ndivyo jicho linavyopata miaka mingi zaidi ya kurefuka, na jicho lililorefuka sana humwacha mtu mzima katika hatari ya retina kubanduka, presha ya macho, na kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba ifikapo 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa na tatizo hili.

Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa vitabu na urithi. Kisha, mwaka 2008, ukachapishwa utafiti uliolinganisha watoto wenye asili ya Kichina wa miaka sita na saba katika miji miwili, Singapore na Sydney. Asili yao ilikuwa moja, na wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Hata hivyo, asilimia 29.1 ya watoto wa Singapore walikuwa hawaoni mbali, na wa Sydney asilimia 3.3 tu. Tofauti iliyojitokeza waziwazi ilikuwa muda wa kukaa nje: saa 13.75 kwa wiki Sydney, saa 3.05 Singapore. Mkosoaji makini atasema kwamba kulinganisha miji miwili hakuthibitishi chanzo, kwa kuwa miji hutofautiana kwa mengi, na atakuwa sahihi. Ndiyo maana jaribio lililofanywa katika mji wa Guangzhou, China, lina uzito wa pekee. Huko shule 12 ziligawanywa kwa kura: sita zikawaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya masomo, na sita zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 39.5 ya watoto wa kundi la kawaida walikuwa wamepata tatizo, dhidi ya asilimia 30.4 ya waliotoka nje. Anayetafuta muujiza ataona tofauti hiyo ni ndogo. Lakini ni takriban watoto tisa katika kila mia waliokingwa kwa kipindi kimoja cha uwanjani, na kwa umri wao kila mwaka unaopita bila tatizo ni faida kwa jicho.

Kinachofanya kazi, kwa kadiri inavyojulikana, ni ukali wa mwanga. Darasani au sebuleni mwanga huwa lux (kipimo cha ukali wa mwanga) mia chache. Nje, hata siku ya mawingu, hufika 10,000, na jua likiwa wazi hukaribia 100,000. Mwanga mkali huichochea retina kutoa kemikali ya dopamini, nayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Katika majaribio ya maabara, vifaranga waliowekwa chini ya taa kali walikingwa, na kinga hiyo ilipotea dopamini ilipozuiwa kufanya kazi. Hapa ndipo majira yanapoingia. Mjini London mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufiki hata saa nane, na mtoto humaliza sehemu kubwa ya mchana huo darasani. Mwishoni mwa Mei mchana unapita saa 16. Nchini Marekani, watoto wasioona mbali waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionekana kuharibikiwa polepole zaidi kati ya Aprili na Septemba kuliko miezi ya baridi. Kwa hiyo familia za Waswahili zilizoko Oslo au Toronto zisiuone mwanga wa machipuko kama pambo la majira.

Na walioko Mombasa au Kigoma, ambao hawana machipuko na wana jua mwaka mzima? Wengine watasema habari hii haiwahusu. Jibu liko Singapore, mji ulio umbali wa nyuzi moja hivi kutoka Ikweta, kama Nairobi. Jua la Singapore halikuwafaa watoto waliofungiwa ndani. Mtoto wa ghorofani anayetoka kwenye basi la shule na kwenda moja kwa moja kwenye masomo ya ziada na tableti anaishi katika baridi ya aina yake, hata kama nje kuna nyuzi joto 30.

Hofu ya jua ni ya haki, lakini haipingani na hoja hii. Kivuli cha mti bado kina maelfu ya lux, hivyo kofia na kivuli huilinda ngozi bila kulinyima jicho mwanga linaouhitaji. Mtoto mwenye mzio wa chavua atibiwe na daktari, asifungiwe. Kuhusu masomo, Taiwan imejibu kwa vitendo: tangu 2010 shule za msingi huko huhimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya wenye uoni hafifu, iliyokuwa imepanda kutoka asilimia 34.8 mwaka 2001 hadi 50 mwaka 2011, ilishuka hadi 46.1 kufikia 2015.

Jambo moja husahaulika: si lazima mtoto akimbie. Katika utafiti mwingine wa Sydney, michezo ya ukumbini haikuonekana kuleta kinga, ilhali kuwa nje kulileta, hata bila jasho. Kwa hiyo rede na kombolela ni nzuri, lakini kumwagilia mche wa nyanya, kucheza mdako barazani penye mwanga, au kufuatilia msafara wa siafu pia kunahesabiwa. Saa hizo mbili kwa siku hazihitaji kuja kwa mkupuo: njia ya shule kwa miguu, mapumziko ya mchana na nusu saa kabla ya machweo hujumlishwa. Aliyekwisha kuvaa miwani asitarajie kuivua kwa sababu ya kucheza nje. Ushahidi wa kinga una nguvu zaidi kabla tatizo halijaanza, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza na wadogo. Anayekunja uso kusoma ubaoni apelekwe kupimwa macho wiki hii, bila kusubiri likizo.